Mnafiki na Mnunuzi Wake

Neno mnafiki tumelipokea kutoka kwa Waarabu, na mabingwa wa zamani wa lugha hiyo hulihusisha na njia ya chini kwa chini, hasa shimo la panya wa jangwani lenye milango miwili. Ukimvizia huku, yeye hutokea kule. Waliofasiri Injili kwa Kiswahili walipokuta neno la Kiyunani ambalo Yesu aliwaitia watu waliosali kwenye pembe za njia ili waonekane, walilitia neno hili hili. Lakini neno la Kiyunani halina shimo wala panya. Maana yake ya asili ni mwigizaji, mtu asimamaye jukwaani na kinyago usoni akasema maneno yasiyo yake. Basi sisi tusemao Kiswahili tumerithi picha mbili ndani ya neno moja. Mwenye kinyago anataka atazamwe. Mwenye shimo anataka asionekane. Mnafiki wa dini ni wote wawili kwa wakati mmoja, kwani hujionyesha ili apate kujificha.

Ninaziweka picha hizi mbili mbele ya msomaji kwa sababu nataka kuuzungumza mchezo mmoja wa kuigiza ambao, kwa maoni yangu, umezielewa zote mbili, kisha ukaongeza ya tatu ambayo wasomaji wengi huipita. Mchezo huo ni Tartuffe, wa Mfaransa Molière. Una zaidi ya miaka 350, na jina la mhusika wake limeingia katika lugha ya Kifaransa kuwa neno la kumwita mnafiki yeyote. Watu husema ni mchezo juu ya mnafiki. Mimi nasema ni mchezo juu ya mteja wake.

Kisa chenyewe si kirefu. Orgon, tajiri wa Paris, amemwokota kanisani mtu maskini aitwaye Tartuffe, aliyekuwa akipiga magoti karibu naye, akiugua na kuibusu ardhi. Amemleta nyumbani, amemlisha, amemvika, na sasa nyumba nzima inaendeshwa kwa neno lake. Orgon anataka kumwoza binti yake, Mariane, ambaye alikwisha kumwahidi kijana mwingine. Anamfukuza mwanawe wa kiume, Damis. Anamwandikia Tartuffe mali yake yote. Wakati huo huo Tartuffe anamtaka Elmire, mke wa Orgon. Mwishowe mke anamficha mumewe chini ya meza ili asikie mwenyewe, na baada ya kusikia imekuwa kuchelewa: nyumba si yake tena, na dalali wa mahakama amekwisha kubisha hodi.

Sasa tazama ufundi wa mtunzi. Mchezo una sehemu tano, lakini Tartuffe haonekani jukwaani mpaka sehemu ya tatu. Katika sehemu mbili nzima tunamsikia tu akisemwa. Na maneno yake ya kwanza anapoingia si ya kuzungumza na mtu aliye mbele yake. Amemwona mtumishi wa kike, Dorine, basi anapaza sauti kumwagiza kijana wake aliweke vizuri vazi lake la singa la kujitesea na mjeledi wake wa kujichapia. Halafu anatoa kitambaa cha mkononi amtake Dorine ajifunike kifua, kwa vile macho yake matakatifu yanaudhika. Ndicho kinyago chenyewe hicho. Kwa nini Molière alimchelewesha hivyo? Mwenyewe alieleza kwamba alitaka mtazamaji asipate hata nafasi ndogo ya kudanganyika. Naikubali sababu hiyo, lakini kuna faida nyingine. Katika sehemu zile mbili hatuna mnafiki wa kumtazama. Tunaye Orgon tu. Tunamtazama mnunuzi kabla ya kumwona muuzaji.

Na Orgon ni mtu wa kutazamwa. Amerudi kutoka shamba baada ya siku mbili. Dorine anamweleza kwamba mkewe alishikwa na homa na kichwa kikali, hakula, hakulala, hata akatolewa damu. Orgon anauliza habari za Tartuffe. Anaambiwa Tartuffe alikula kwale wawili na nusu ya paja la kondoo, akalala fofofo, akaamka akanywa mvinyo bilauri kubwa nne. Kila anapoambiwa hivyo, Orgon anamwonea huruma: masikini huyo! Mara nne anamsikitikia aliyeshiba, na mke aliyeugua hamwulizi. Wahenga walisema akipenda chongo huita kengeza. Hapa ni zaidi ya chongo na kengeza. Huyu ameambiwa kwa ulimi ulio wazi kwamba mtu wake ni mlafi, na amesikia kwamba ni mtawa.

Wasomaji wengi humwita Orgon mjinga, wakamwacha hapo. Mjinga hana hatia. Amedanganywa, tumwonee huruma. Mimi siwezi kumwacha hapo, na sababu yangu naitoa katika kipimo ambacho mtoto yeyote wa madrasa katika pwani yetu amefundishwa. Mtume Muhammad alifundisha kwamba mnafiki hutambulikana kwa alama tatu: uongo katika kusema kwake, kuvunja ahadi, na kuikhini amana. Molière hakuwa Mwislamu, na kipimo hiki hakukijua. Lakini hebu tuwapime watu wake kwacho, tuone.

Tartuffe anazo alama zote tatu, hilo halina mabishano. Ila mpime na Orgon. Ahadi: alikwisha kumpa neno Valère kwamba atamwoza Mariane, na sasa anapoulizwa na shemeji yake, Cléante, kama neno lile bado lipo, anazungukazunguka asijibu. Amana: rafiki yake aliyekimbia nchi kwa makosa ya kisiasa alimwachia kisanduku cha hati za siri, akamwomba akitunze, hati zile zikijulikana, rafiki anapotea roho na mali. Orgon amempa Tartuffe kisanduku hicho. Na uongo: kwa nini amempa? Hapa, ndugu msomaji, naomba usome polepole, maana watu wengi hukipita kifungu hiki cha mwanzo wa sehemu ya tano kama maelezo ya njama tu. Orgon anakiri kwamba Tartuffe alimshauri hivi: kisanduku kikae kwangu, ili siku wakikuuliza kama unacho, uweze kukana na hata kuapa, dhamiri yako ikiwa salama, kwa sababu hakika mkononi mwako hakimo.

Alama tatu, na zote kwa mtu ambaye nyumba nzima inamwita mcha Mungu aliyedanganyika.

Shauri lile la kisanduku ndilo moyo wa mchezo wote. Linatuonyesha bidhaa ambayo Tartuffe alikuwa akiuza. Sisi tunadhani mnafiki huuza utakatifu wa uongo, na kwamba mnunuzi hununua akidhani ni wa kweli. Ingekuwa hivyo, mnunuzi angekuwa ameibiwa tu. Lakini Orgon alinunua kitu halisi akakipata: alinunua njia ya kusema uongo mbele ya Mungu bila kujisikia mwongo. Alinunua ruhusa ya kuwachukia watoto wake na kuiita chuki hiyo kuukana ulimwengu. Anamwambia Cléante kwa fahari kwamba mafundisho ya Tartuffe yamemfikisha mahali ambapo angemwona ndugu yake, watoto wake, mama yake na mke wake wakifa, asijali hata kidogo. Mtu mwenye moyo mgumu huona haya kwa ugumu huo. Orgon amepata mtu wa kumwambia kwamba ugumu wake ni ibada.

Shauri hilo linajengwa juu ya Mungu wa namna gani? Ni Mungu aliyefanywa karani. Anasoma maneno ya kiapo, anatazama kama kisanduku kimo kabatini au hakimo, anapiga muhuri. Nia haioni. Tartuffe mwenyewe anamfundisha Elmire somo hilo hilo kwa njia nyingine: kwamba kwa mbinguni zipo njia za kuelewana, kwamba ipo elimu ya kulegeza kamba za dhamiri, na kwamba ubaya wa jambo ni kelele zake tu, likifanyika kimya si dhambi. Mwanafunzi na mwalimu wana imani moja. Wote wawili wanazungumza juu ya Mungu mchana kutwa, na wote wawili wameyapanga maisha yao kana kwamba wa kuogopwa ni binadamu peke yake.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mnafiki anajaribu kumdanganya Mungu. Asiyefikiri kwamba Mungu yupo mahali pale hahangaiki kumdanganya. Tartuffe hajifichi mbali na Mungu. Anajificha nyuma yake. Amemfanya Mungu pazia. Na kosa la hesabu lipo hapo hapo, maana pazia hilo lina macho. Adamu katika Mwanzo alijificha katikati ya miti ya bustani, na miti yenyewe ilikuwa ya yule aliyekuwa akimkimbia.

Mtu atasema haya ni mambo ya Paris ya wafalme. La hasha. Katika mji mmoja niliokaa miaka kadhaa, palikuwa na mfanyabiashara aliyejitolea mazulia na mapangaboi katika nyumba ya ibada. Siku ya kuyapokea palipigwa hotuba, na jina lake likaombewa. Wafanyakazi wake walikuwa na miezi mitatu bila mshahara, na wawili kati yao walikuwa wamekaa safu za nyuma siku hiyo hiyo, wakipepewa na mapangaboi yaliyonunuliwa kwa fedha yao. Mzee mmoja wa kamati alipouliza kama haingefaa kwanza tajiri aambiwe awalipe watu wake, wenzake walimwambia asiharibu neema. Mimi sishughuliki sana na tajiri yule; kila mji una wake. Nawafikiria wazee wale waliojua, na walikuwa watu wema. Walihitaji mapangaboi. Tajiri alihitaji dua. Kila mmoja alimpa mwenzake alichotaka, na wote walitaja jina la Mungu katika mapatano hayo bila ya kumwuliza mwenyewe.

Wala biashara hii haiishii kwenye mazulia. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, zilifukuliwa maiti za watu zaidi ya 400, na wengi walikuwa watoto. Walikuwa wameacha shule na hospitali, na mwishowe chakula, kwa kufundishwa kwamba kufunga huko kutawakutanisha na Yesu. Nani ana hatia na kwa kiasi gani, hiyo ni kazi ya mahakama, na mimi simhukumu mtu katika kurasa hizi. Sema tu kwamba baada ya Shakahola siwezi tena kucheka ninapofika pale Orgon anapojisifu kwamba angewaona watoto wake wakifa asijali. Watazamaji wa Paris waliangua kicheko. Kwao lilikuwa chumvi la mchekeshaji. Sisi tunajua kwamba mtu anaweza kufikishwa huko, hatua kwa hatua, na kila hatua ikaitwa imani. Na walioumia kwanza, msituni kama katika mchezo, hawakuwa walioamini zaidi. Walikuwa watoto wasioulizwa.

Hata hivyo mhakiki mwadilifu hana budi kuwasikiliza walioupinga mchezo huu, maana hawakuwa wapumbavu wote. Tartuffe ulichezwa mara ya kwanza Versailles tarehe 12 Mei 1664, mbele ya Mfalme Louis wa 14, na mara moja ukazuiwa usichezwe mbele ya umma. Padri Pierre Roullé wa parokia ya Saint-Barthélemy aliandika kwamba mtunzi wake anastahili kuchomwa moto. Molière aliutengeneza upya, akambadilisha mhusika jina, akaucheza Paris tarehe 5 Agosti 1667. Kesho yake ukapigwa marufuku, na siku chache baadaye Askofu Mkuu wa Paris akatangaza kwamba atakayeutazama, kuusoma au hata kuusikiliza ukisomwa atatengwa na Kanisa. Ruhusa haikupatikana mpaka tarehe 5 Februari 1669, karibu miaka mitano tangu siku ya kwanza.

Hoja ya askofu, ukiiondoa hasira, ilikuwa hii: mtu akimcheka mwenye kusali kwa uongo, kesho atamcheka na mwenye kusali kwa kweli, kwa sababu kwa nje hawana tofauti. Hoja hii ina uzito, na nadhani Molière hakuijibu sawasawa. Alimpa kazi hiyo Cléante, shemeji wa Orgon, ambaye anaeleza kwa ufasaha kwamba wapo wacha Mungu wa kweli, na tena anawataja kwa majina. Lakini ni majina tu. Hakuna hata mmoja anayeingia jukwaani. Katika mchezo mzima juu ya sala, hatuoni mtu mmoja akisali kwa moyo. Cléante mwenyewe husema vizuri asitende kitu. Wanaoiokoa nyumba kwa vitendo ni Elmire na Dorine, mke na mtumishi. Huu ni upungufu, na anayeupenda mchezo huu hana haja ya kuuficha.

Ila dawa ya askofu ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa. Alitaka kuilinda heshima ya sala kwa kuwakataza watu kumtambua mwenye kuichezea, na hapo akaingia katika biashara ile ile ya wazee wa mapangaboi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Jumuiya ya waumini inayozima kila sauti inayouliza, kwa kuogopa aibu, huwa inamtandikia Tartuffe kitanda.

Upungufu wa pili ninaouona ni mkubwa zaidi, nao uko katika mwisho wa mchezo. Tartuffe anarudi na afisa wa mfalme ili Orgon akamatwe kwa sababu ya kile kisanduku. Ghafla afisa anageuka na kumkamata Tartuffe. Anaeleza kwamba wanaishi chini ya mfalme adui wa hila, ambaye macho yake hupenya mpaka ndani ya mioyo, wala hakuna ufundi wa mlaghai unaoweza kumpoteza. Mali inarudishwa, Orgon anasamehewa, harusi inafungwa. Wasomaji wamelalamika tangu zamani kwamba mwisho huu umebandikwa, kwamba ni shukrani ya mtunzi kwa mfalme aliyemlinda. Mimi nalalamikia jambo jingine. Kuona ndani ya mioyo si kazi ya mfalme. Molière ameuweka mchezo wake wote juu ya swali la nani anaona, na mwisho kabisa amechukua sifa ya Mungu akamvika mtawala. Na mfalme yule mwenye macho ya kupenya mioyo alihitaji miaka mitano kuamua kama mchezo uchezwe au usichezwe!

Sisi tuliokaa katika nchi zetu tunajua kwamba afisa wa namna hiyo haji. Kwa kawaida dalali huja, vyombo hutolewa nje, na Tartuffe huhamia chumba kikubwa. Kama uadilifu wa Mungu ungengoja macho ya serikali, wanyonge wengi wangekufa wakingoja. Hivyo mchezo huu, uliomfichua mnafiki kwa ustadi usio na kifani, unatuacha na faraja hafifu: kwamba tutulie, mkubwa ataona.

Lakini Molière alifanya jambo moja ambalo kwangu linafidia mwisho huo, nalo halimo katika maandishi ya mchezo. Alikuwa mwigizaji pia, mkuu wa kikundi chake, na angeweza kujichagulia nafasi yoyote. Nafasi ya Tartuffe alimpa mwenzake, Du Croisy. Yeye mwenyewe alicheza Orgon. Usiku baada ya usiku aliyeingia chini ya meza na kusikiliza alikuwa mtunzi. Na tuikumbuke meza hiyo. Tartuffe anamwambia Elmire kwamba mumewe ni mtu wa kuvutwa kwa pua, halafu anatoka kuchungulia nje kama kuna mtu. Anatafuta shahidi mlangoni na ukumbini, naye shahidi yuko pale pale alipokuwa amesimama. Hakuna picha nzuri kuliko hiyo ya kutowezekana kujificha. Lakini aliye chini ya meza ni mwenye hatia pia. Elmire anakohoa na kukohoa kumwashiria, na Orgon hatoki. Anatoka baada ya kusikia jinsi yeye mwenyewe anavyodharauliwa.

Mtunzi huyu alikufa tarehe 17 Februari 1673, saa chache baada ya kushuka jukwaani. Kwa kuwa alikuwa mwigizaji na hakupata kuikana kazi yake mbele ya padri, parokia yake ilimkatalia mazishi ya Kikristo. Mkewe alikwenda kumwomba mfalme, na hatimaye Molière akazikwa usiku wa tarehe 21, bila ya ibada ya fahari. Kumbuka lile neno la Kiyunani tuliloanza nalo. Mwigizaji aliyevaa kinyago hadharani, akatoza kiingilio na kusema wazi kwamba huu ni mchezo, alinyimwa mchana wa kuzikwa. Waliokivaa bila ya kusema walizikwa kwa mishumaa na kengele.

Huwa naufunga mchezo huu kwa kicheko na kwa wasiwasi, na wasiwasi wenyewe ni huu: kila ninayemjua aliyeusoma amemkumbuka mtu mwingine. Amemkumbuka shekhe fulani, mchungaji fulani, mzee wa kanisa aliyekula michango. Hiyo ndiyo tabia ya kichekesho. Hutupa kioo kinachomwonyesha jirani. Nyani haoni kundule, na akiwa ukumbini penye giza huona la mwenziwe vizuri zaidi.

Kwa sababu hiyo nawashauri wasomaji wenzangu, baada ya Tartuffe, wakisome kitabu kingine kilicho karibu zaidi nasi, Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Ni utenzi wa beti zaidi ya 70, uliotungwa katika visiwa vya Lamu na Pate, na wataalamu wengi huukadiria kuwa wa mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa juu juu vitabu hivi viwili havina uhusiano. Mmoja unachekesha, mwingine unaliza. Mmoja unamsema tapeli, mwingine unasimulia majumba ya matajiri wa Pate yaliyobaki magofu, popo na ndege wakiishi mlimokuwa na taa na vyombo vya kaure. Lakini tazama mshairi anazungumza na nani. Hamsemi jirani. Hamsemi hata tajiri aliyekufa, ambaye hutajwa kuwa mfano tu. Anauhutubia moyo wake mwenyewe, anauuliza kwa nini unadanganyika na ulimwengu, anautaka ujibu. Na jina la utenzi wenyewe linatokana na neno la Kiarabu la kufunua.

Hapo ndipo pengo la Molière linapozibwa. Katika Al-Inkishafi haji afisa wa mfalme. Hakuna haja, kwa kuwa mtu ameifunua meza mwenyewe akajikuta chini yake. Wala hakuna wa kumlaumu kwa kumdanganya: mnunuzi na muuzaji wamekuwa moyo mmoja unaojiuzia. Mshairi yule alielewa kwamba anayemwamini Mungu aonaye hawezi kuridhika kumtazama mnafiki wa pili. Akili ya kumtazama wa pili tunayo sote na haitugharimu chochote.

Msomaji anaweza kuniuliza, sasa tufanye nini, tuache kuwakemea wanafiki? Hapana. Wafanyakazi wa tajiri yule walistahili mtu wa kuwasemea, na watoto wa Shakahola walistahili zaidi. Anayenyamaza kwa kisingizio kwamba kila mtu ana dhambi zake ni yule yule Orgon, amevaa unyenyekevu safari hii. Ninachosema ni kwamba tukimwona Tartuffe tusimtazame yeye tu. Tuulize anawauzia nini wanaomzunguka, maana yeye peke yake, bila wateja, ni maskini anayebusu sakafu ya kanisa. Na tukiwa miongoni mwa wanaomzunguka, tukitafute kisanduku. Kila mtu mwenye dini ana jambo moja alilolihamisha kutoka kabatini mwake hadi kwa mwingine ili apate kuapa kwamba halimo: deni ambalo mke ndiye alijualo, mtoto ambaye mama yake ndiye amleaye, karatasi iliyotiwa sahihi na mdogo wake. Binadamu akiuliza, jibu liko tayari, na ni jibu la kweli. Ila Mungu anajua kisanduku kilipo, na amejua tangu siku ile kilipotolewa kabatini.